Tope Lisiloonekana

Maneno ya fundi gereji kwa madereva na matingo, Chake Chake, Pemba, kabla ya msimu wa karafuu

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, madereva, na nyinyi matingo mliojibanza huko nyuma kama kwamba mkutano hauwahusu, ilhali ndio wenyewe hasa: nimepewa nusu saa. Mimi si msemaji. Umri wangu nimeumaliza nimelala chali chini ya gari za watu, na huko chini hakuna wa kuzungumza naye ila difu, lile bonge la gea la katikati ya magurudumu ya nyuma. Nikipotea njia mnirudishe.

Mmeiona ile Canter chini ya mwembe, imejaa tope mpaka vioo vya pembeni. Kijana mmoja kaniuliza pale mlangoni, "Fundi, gari kama hii waileta mbele za watu, huoni haya?" Sioni. Nimemwomba mwenyewe asiiguse. Juzi ilizama kwenye bonde moja upande wa Makangale, ikashinda pale mpaka trekta ilipokuja kuivuta. Leo ndiyo ubao wangu wa kufundishia. Tutaifikia.

Msimu umekaribia. Karafuu zikianza kuiva, hakuna atakayekumbuka kwamba vuli nayo inakuja. Kila mtu atataka gari ifike chini ya mkarafuu wake. Na mtakwenda, maana riziki iko huko. Kisiwa chetu si kirefu, kama kilomita 67 tu kutoka kichwa hadi mguu, lakini ni kilima na bonde, kilima na bonde, na wazee wetu hawakupanda mikarafuu kando ya lami. Sikuja kuwaambia msipite kwenye tope. Nataka tuzungumze juu ya jioni ile gari inaporudi.

Gari ikirudi, tunaosha nini? Dereva anaosha kioo cha mbele. Anaosha milango. Anayasugua yale maandishi ya juu ya kabini, sijui "Subira", sijui "Riziki Mafungu", mpaka yanang'aa. Kisha anavuta breki ya mkono, anakwenda kula. Na tope lote la chini limebaki pale pale, linamsubiri. Tope la mlangoni halijawahi kuua gari ya mtu. Linachafua kanzu, basi. Linaloua ni lile usiloliona ukiwa umesimama.

Wakulima hapa mnajua kuwa udongo una majina, na kila mmoja una tabia yake. Kichanga kinadondoka chenyewe njiani, lakini kinachobaki kinaingia kwenye beringi na kufanya kazi ya msasa. Kinongo, ule mwekundu wa mashambani, unashika lakini ukiupigia maji unaachia. Kinamo ndio balaa. Kinamo cha mabonde ya mpunga kikiwa kibichi kinavutika kama halua. Kikipata jua la saa sita kimeshakuwa tofali. Na kama kimeganda karibu na ekzosi, basi hilo ni tofali la kuchoma, wallahi, utaligonga kwa tindo. Ndiyo maana nasema jioni ile ile. Kazi ya robo saa tope likiwa bichi ni kazi ya asubuhi nzima likikauka, na asubuhi nzima hiyo hutaifanya, tunajuana.

Sasa sikilizeni kisa, na ndani yake mwenye makosa ni mimi.

Miaka ya nyuma alinijia dereva na lori lake. Anasema akiingia lami akapita mwendo wa kilomita hamsini, usukani unamtetemeka mikononi kama mtu mwenye homa. Akipunguza, unatulia. Nikalipandisha jeki, nikatikisa miguu ya mbele, nikasikia mchezo kidogo kwenye tai rodi, kile chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Nikasema hii hapa. Nikabadilisha tai rodi. Akaenda, akarudi: usukani bado. Nikasema boljointi. Nikabadilisha boljointi. Akaenda, akarudi, na safari hii hakutoa salamu. Mimi nimekaa kwenye benchi nakuna kichwa, mwanafunzi wangu, kitoto cha miaka kumi na tano, kaingia chini na panga bovu, anakwangua kwangua tu kupoteza wakati. Nikasikia kitu kimeanguka, "pwaa!" Pande la kinamo, kubwa kama mkate wa mofa, limetoka ndani ya rimu ya mguu wa mbele kulia, ule upande wa ndani ambao kwa nje huuoni.

Tukawasha, tukaenda mpaka Vitongoji na kurudi. Usukani umetulia kama maji ya mtungini.

Rimu inazunguka, yakhe. Ukibandika kilo moja upande mmoja tu, kila mzunguko ile kilo inaivuta gari upande wake, na mwendo ukizidi mvuto unazidi. Ndiyo maana wenye gereji wanabandika vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye rimu kusawazisha, gramu kumi, gramu ishirini. Sasa wewe umebandika mkate mzima wa udongo. Vyuma vilivyokuwa vibovu kidogo vinazidi ubovu, na tairi inalika mabaka mabaka. Yule dereva nilimrudishia pesa za ufundi. Za vyuma sikurudisha, vilishatumika, na jambo hilo mpaka leo likinijia usiku linanikosesha usingizi. Mwanafunzi wangu sasa ana gereji yake Wete na wateja wengi kuliko mimi.

Kwa hiyo usukani ukitetemeka baada ya kutoka shamba, kabla hujamfuata fundi, ingia chini uangalie ndani ya rimu. Nawanyima wenzangu chakula kwa kusema hivi, lakini ndiyo haki.

Na uzito nao tusiusahau. Ndoo ya lita ishirini ikijaa tope bichi inapita kilo thelathini. Fuso moja niliyoikwangua madigadi, juu ya chesesi (ule mgongo wa chuma unaobeba gari), nyuma ya tangi la mafuta na katikati ya magurudumu pacha ya nyuma ilitoa ndoo saba. Hesabuni. Zinapita kilo mia mbili, kama umepakia watu wazima watatu wasiolipa nauli, kila siku, unapanda nao kilima kwa dizeli yako.

Nije kwenye bahari. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na Mheshimiwa Sheha ataniwia radhi nikipandisha sauti.

Wapo kati yetu, wengine wamekaa safu ya mbele kabisa, ambao gari ikitoka shamba wanaiteremsha pwani maji yakiwa yametoka, wanasimama kwenye mchanga mgumu, maji yanapoanza kujaa wanaoshea. Maji ya bahari ni bure, hayana foleni, hayana bili, na tope linatoka vizuri, nakiri. Linatoka. Lakini lita moja ya maji ya bahari imebeba chumvi kiasi cha gramu thelathini na tano. Ndoo yako ya lita ishirini ina gramu mia saba. Mtu akija nyumbani kwako na karibu robo tatu ya kilo ya chumvi, akaimwaga kwenye chesesi ya gari yako, mtapigana. Wewe unaimwaga mwenyewe, ndoo ishirini, na unaimba.

Maji yanakauka, chumvi haikauki. Inabaki kwenye maungio ya vyuma, kwenye springi, ndani ya chesesi, na tabia ya chumvi mnaijua kutoka jikoni: hewa ikiwa na unyevu inaroa yenyewe. Kwa hiyo chuma chako hakikauki kamwe. Na kama kuna tope lililobaki juu yake, lile tope ni kama kitambaa kibichi umekifunga kwenye kidonda ukakisahau.

Iliwahi kuletwa kwangu pikapu, kwa juu inang'aa, rangi mpya, kipya kinyemi. Mwenyewe analalamika mlango wa kulia haufungi vizuri, anataka bawaba. Nikaingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga kinakujibu, "ngiii", sauti inakimbia mpaka mwisho wa gari. Nikagonga nyuma ya gurudumu la mbele: ngiii. Nikasogea shibiri mbili: tu. Nikagonga tena: tu, kama unagonga kumbi la nazi. Nikachukua bisibisi, nikaigusa tu, sikuisukuma, ikaingia mpaka mpini. Nilipoichomoa ikatoka na tope, tope la zamani jeusi, lina harufu ya pwani. Chesesi imekatika na haijui kuwa imekatika. Mlango haufungi kwa sababu gari imepinda mgongo. Nikamwambia bawaba ninazo, lakini hazitakusaidia.

Chesesi ina matundu, mmeyaona. Yamewekwa makusudi, maji yakiingia yapate pa kutokea. Tope linayaziba. Kuanzia hapo chesesi inakuwa mtungi. Unapoosha, ingiza mpira wa maji katika tundu la mbele, acha yatoke nyuma, na usiondoe mpaka yatoke meupe. Kisha usiegeshe tambarare. Tafuta mteremko kidogo, pua juu, yachuruzike.

Kwa wale wa pwani: kama huna namna ila umepita kwenye maji ya chumvi, basi usiku huo huo maji ya kisima, mengi. Na nikisema kisima sina maana gari iletwe kisimani. Teka, peleka mbali. Oili na grisi zinazotoka chini ya gari zikirudi kwenye maji wanayokunywa watoto, hapo tumeshatoka kwenye ufundi, tumeingia kwenye dhambi.

Breki sasa. Nitakuwa mfupi kwa sababu jambo lenyewe halitaki maneno mengi. Gari zetu nyingi za mizigo zina breki za ngoma nyuma. Ukizama, tope linaingia ndani ya ngoma na halina pa kutokea. Likiwa bichi linateleza kati ya kiatu cha breki na ngoma, unakanyaga, gari inakwenda. Likikauka linakwangua kiatu kama msasa. Njia ya Mkoani mnaijua ilivyo, kona na miteremko, na ule mteremko wa kuingia bandarini na watu wanaopita na mizigo kichwani kuiwahi boti. Ukitoka shamba, kabla hujafika mteremko wowote, nenda polepole ukikanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa, zipate joto, maji yatoke. Kisha jioni ile au kesho yake ngoma zifunguliwe, zioshwe. Na ukishaosha usilaze gari na breki ya mkono imevutwa. Viatu vimeroa, asubuhi utavikuta vimeshikana na ngoma, utaburuta mguu mmoja mpaka Ole. Tia gea, tia jiwe chini ya tairi, lala.

Difu. Juu ya difu pana kijitundu cha kuhemea, kina kofia ndogo. Wengi wenu hamjawahi kukiona kwa sababu siku zote kimefunikwa na tope, na ndiyo shida yenyewe. Umetoka mbio, difu ina moto, hewa ndani imetanuka. Unaingia kwenye dimbwi, chuma kinapoa ghafla, ile hewa inasinyaa, inataka kuvuta pumzi. Tundu limezibwa. Basi inavutia kwenye sili za mafuta, na pale nje ya sili pana nini? Maji na tope. Inayanywa. Wiki mbili baadaye ukifungua oili inatoka rangi ya chai ya maziwa, na hiyo chai ni ghali. Ukishuku, iache gari ilale usiku kucha, asubuhi kabla hujawasha legeza kidogo nati ya chini ya difu. Maji ni mazito kuliko oili, yamekaa chini, yatatangulia kutoka. Yakitoka, usiende popote, badilisha oili. Na tundu lenyewe unalizibua kwa njiti ya chelewa. Njiti moja ya ufagio, haina gharama.

Rejeta nayo. Tope likikaa kwenye zile pezi, upepo haupiti, gari inachemka kwenye kilima, dereva anasema rejeta mbovu, anauziwa nyingine. Ioshe, lakini kutoka upande wa injini kwenda nje, ili tope lirudi lilikotoka. Ukipiga kwa mbele unalishindilia ndani zaidi. Na maji ya taratibu. Mashine ya presha inazilaza zile pezi kama mpunga uliopigwa na upepo.

Kwa kuwa nimeitaja mashine ya presha. Vijana wanaipenda. Nami naipenda, kwenye madigadi, kwenye bodi, kwenye rimu. Isikaribie chini ya dhiraa moja kwenye beringi, kwenye sili, kwenye altaneta, kwenye vichwa vya waya. Ile nguvu inayotoa tope nje ndiyo hiyo hiyo inayoingiza tope ndani. Tena injini ikiwa ya moto usiimwagie maji ya baridi hata kidogo. Nimeona ekzosi manifoldi imepasuka mstari mmoja kutoka huku hadi huku, kwa haraka ya mtu aliyetaka kuwahi mpira kwenye televisheni. Kunywa chai kwanza. Gari ipoe.

Namna yangu ya kuosha ni kinyume cha yenu: naanza chini. Nimegundua kuwa anayeanza juu akifika chini ameshachoka, jua limezama na mke ameshapiga simu mara mbili. Ukianza chini, ukichoka, kilichobaki ni milango, na milango inaweza kungoja hata Ijumaa. Lowesha kwanza, ngoja, lowesha tena. Tope gumu usilikwangue kavu kwenye rangi, mchanga wake utakuchorea ramani. Kwenye rimu na chesesi tumia kijiti au panga bovu, kwenye rangi tumia kumbi la nazi lililolowa vizuri, halafu dodoki na sabuni. Sijaona brashi ya dukani iliyolishinda kumbi, na makumbi tunayachoma moto bure.

Ukimaliza, grisi. Matingo, hii ni yenu. Kabla hujapachika bomba la grisi, futa kwa kitambaa kichwa cha niplo, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Usipofuta, kitu cha kwanza unachokisukuma ndani ya krosi ya propela, kiungo cha ule mti wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma, ni donge la tope, na umelisukuma kwa nguvu zako zote. Piga mpaka grisi chafu itoke na iliyo safi ianze kuchungulia. Hapo acha.

Nimesikia mtu huko nyuma ananong'ona "oili chafu". Najua. Wapo wanaopulizia chini ya gari oili iliyokwisha kazi ili tope lisishike. Halishiki kweli, siku tatu. Halafu vumbi linaganda juu yake, unakuwa na uji. Na raba za bushi na za mipira ya breki zinavimba zikinyonya oili. Inayobaki inadondoka shambani kwa watu. Kama unataka kulinda chuma, kikwangue kutu, piga pramia, piga rangi, kwa brashi, ukiwa umelala chali kama mimi. Hakuna njia ya mkato ninayoijua, na nimezitafuta.

Jambo la mwisho kabla hatujatoka, na hili si la gari. Unapotoka shamba na kuingia lami, simama. Dakika tano. Tingo ashuke na kijiti, aangushe mapande kwenye magurudumu pale pale kwenye njia ya udongo. Mkishapita na mapande yale, yanadondoka kwenye lami, mvua ndogo ikija yanakuwa sabuni, na anayefuata nyuma yenu ni mtu wa pikipiki amempakia mkewe na mtoto. Taa za nyuma na namba ya gari pia zifutwe hapo hapo. Trafiki hatakubali udhuru wa karafuu. Na mwenye karafuu mwenyewe hatakubali udhuru wa tope: amezianika kwenye jamvi siku kadhaa, akazitoa mbio kila wingu lilipopita, halafu wewe unaziweka kwenye bodi yenye maji. Karafuu ikishika unyevu inaota ukungu, inashuka daraja, na jina litakaloharibika sokoni ni la gari yako.

Nusu saa yangu imekwisha, Mwenyekiti ananionesha saa. Sasa tutoke nje. Nimeleta ndoo nane za maji ya kisima, makumbi, chelewa na panga bovu. Tutafungua ngoma ya nyuma kushoto, na nati ya difu bado haijaguswa na mtu. Ilivyolala jana ndivyo ilivyo, kwa hiyo mimi pia sijui itatoa nini. Wenye kanzu nyeupe wasimame upande wa upepo. Matingo mbele. Nani kaja na jeki?